Mfumo wa neva unaojiendesha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mfumo wa neva unaojiendesha ni upi?

Ni ile sehemu ya neva inayoendesha mambo ya ndani ya mwili bila kukuuliza: kasi ya moyo, upana wa mishipa ya damu, jasho, mate, mwendo wa chakula tumboni, mboni za macho, kibofu cha mkojo, hata malaika ya mwilini yanaposimama kwa baridi. Mkono unauamuru uinuke nao unainuka. Misuli laini iliyomo kwenye kuta za mishipa, utumbo na njia za hewa haikusikilizi. Wengine huuita mfumo wa neva usio wa hiari, wengine mfumo wa otonomia. Jina hili la pili lilianza na mwanafiziolojia Mwingereza John Newport Langley mwaka 1898.

Kazi yake ni kurekebisha, na hurekebisha muda wote. Ukiinuka kitini, ukimeza tonge, ukitoka kivulini kwenda juani, kila mara kuna kitu ndani kinachopaswa kuongezwa na kingine kupunguzwa katika muda wa sekunde chache. Ukiushika mfumo huu kama mrekebishaji, dalili nyingi zinazoonekana hazina mpangilio zitaanza kueleweka.

Una sehemu ngapi, na ishara hupitia wapi?

Tatu: simpathetiki, parasimpathetiki, na mtandao wa neva ulio ndani ya kuta za utumbo.

Katika mbili za kwanza, ishara husafirishwa na seli mbili zinazopokezana. Seli ya kwanza iko kwenye shina la ubongo au kwenye uti wa mgongo. Nyuzi yake huishia kwenye fundo la neva, yaani ganglia, na hapo seli ya pili hupokea na kuendelea hadi kwenye kiungo.

Simpathetiki hutoka kwenye uti wa mgongo kuanzia sehemu ya kwanza ya kifua hadi ya pili ya kiuno. Mafundo yake mengi yamejipanga kama mnyororo pande zote mbili za mgongo. Seli moja ya kwanza hugusa seli nyingi za pili, ndiyo maana amri yake huenea haraka sehemu nyingi. Parasimpathetiki hutokea juu na chini kabisa: juu kupitia neva za kichwa namba 3, 7, 9 na 10, chini kupitia sehemu ya 2 hadi ya 4 ya uti wa mgongo kwenye nyonga. Mafundo yake yako karibu na kiungo au ndani yake, kwa hiyo amri yake hulenga mahali mahususi.

Neva namba 10, vegasi, inastahili kutajwa peke yake. Hushuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni, mapafuni, tumboni na sehemu kubwa ya utumbo. Watu huifikiria kama njia ya amri kutoka ubongoni, lakini takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari juu, kutoka viungoni kwenda ubongoni. Mrekebishaji asiyejua hali ilivyo hawezi kurekebisha chochote.

Je, ni kweli simpathetiki ni ya hatari na parasimpathetiki ni ya mapumziko?

Nusu yake ni kweli, na nusu iliyobaki imepotosha watu wengi. Kauli ya "pambana au kimbia" ilienezwa na Mmarekani Walter Cannon kuanzia mwaka 1915, na inaeleza vizuri kinachotokea ukikoswakoswa na gari: moyo unadunda, mboni zinapanuka, ngozi inapauka, ini linaachia sukari.

Lakini hata sasa ukiwa umekaa kimya unasoma, simpathetiki yako inafanya kazi. Ingekoma kabisa, mishipa ingelegea na presha ingeporomoka. Mishipa mingi ya damu haina neva za parasimpathetiki kabisa: hubanwa ishara ya simpathetiki ikiongezeka, hupanuka ishara hiyo ikipungua. Tezi za jasho nazo hutegemea simpathetiki peke yake. Tezi za mate huchochewa na pande zote mbili, ila parasimpathetiki hutoa mate mengi mepesi na simpathetiki hutoa machache mazito. Katika tendo la ndoa, kusimama kwa uume ni kazi ya parasimpathetiki hasa, na kutoa shahawa ni kazi ya simpathetiki. Mtu aliyejaa wasiwasi anaweza kupata shida na la kwanza bila kuwa na ugonjwa wowote wa mishipa.

Moyoni ndiko mfano wa breki (parasimpathetiki) na mafuta (simpathetiki) unakokaa sawasawa. Kwingine uutumie kwa uangalifu.

Kwa nini adrenalini hubana mishipa sehemu moja na kuipanua sehemu nyingine?

Kwa sababu jibu haliamuliwi na kemikali bali na kipokezi kilichopo kwenye seli inayopokea.

Kemikali zenyewe ni chache. Kwenye mafundo yote, seli ya kwanza huachia asetilikolini. Mwisho wa safari, parasimpathetiki huachia asetilikolini tena, na simpathetiki huachia noradrenalini, isipokuwa kwenye tezi nyingi za jasho ambako nayo hutumia asetilikolini. Sehemu ya ndani ya tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, hupokea seli ya kwanza moja kwa moja na kumwaga homoni kwenye damu: takriban asilimia 80 adrenalini, iliyobaki noradrenalini.

Vipokezi vya alfa 1 hubana mishipa ya ngozi na utumbo, hupanua mboni na kufunga shingo ya kibofu. Beta 1 huongeza kasi na nguvu ya moyo. Beta 2 hulegeza njia za hewa na mishipa ya damu ya misuli. Vya muskarini hupokea asetilikolini ya parasimpathetiki: hupunguza kasi ya moyo, hubana njia za hewa, huamsha utumbo, mate na kibofu.

Ukilijua hili, madhara ya dawa hayatakushangaza. Salbutamol hulenga beta 2 ili kufungua njia za hewa, lakini misuli ya mikono nayo ina beta 2, kwa hiyo mikono hutetemeka. Propranolol hufunga beta 1 na beta 2 kwa pamoja: moyo unatulia, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya.

Kwamba neva huzungumza kwa kemikali kulithibitishwa na Otto Loewi mwaka 1921. Alichochea vegasi ya moyo wa chura hadi ukapunguza mwendo, akachukua maji yaliyouzunguka na kuyamimina kwenye moyo wa pili. Wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa neva yake haikuguswa. Mwaka 1936 yeye na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel.

Mapigo yangu nikiwa nimepumzika huamuliwa na nini?

Na vegasi, kwa sehemu kubwa. Kifundo kinachoanzisha mapigo, kikiachwa peke yake bila neva yoyote, hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga 60 hadi 80 kwa sababu vegasi inaushikilia. Ukianza kutembea haraka, mapigo hupanda kwanza kwa vegasi kuachia, kisha simpathetiki huongeza juu ya hapo. Vegasi hufanya kazi ndani ya pigo moja au mawili; simpathetiki huhitaji sekunde kadhaa.

Mtu aliyepandikizwa moyo anatuonyesha haya waziwazi. Neva zilikatwa wakati wa upasuaji, kwa hiyo moyo mpya hupiga karibu 90 au 100 hata akilala. Akianza mazoezi hauruki mara moja, unangoja adrenalini ifike kwa njia ya damu, na akimaliza unachelewa kushuka. Ndiyo maana huambiwa aanze taratibu na amalize taratibu.

Jambo jingine linalotia watu hofu bila sababu: mapigo kwenda haraka kidogo ukivuta pumzi na kupungua ukiitoa. Ni kawaida, hasa kwa vijana, na ni dalili kwamba vegasi iko hai.

Nikisimama ghafla naona giza. Nini kinatokea?

Ukisimama, kati ya mililita 500 na 800 za damu huteremkia miguuni na tumboni. Damu inayorudi moyoni inapungua, na presha inaanza kushuka. Kwenye ateri za shingo, pale zinapogawanyika chini ya kona ya taya, na kwenye upinde wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna vihisio vinavyopima jinsi ukuta wa mshipa unavyovutwa. Ukuta ukilegea, vihisio hupunguza ishara zinazopanda kupitia neva namba 9 na 10. Kituo kilichopo kwenye shina la ubongo kinajibu kwa kuachia vegasi na kuongeza simpathetiki: mapigo yanapanda kama 10 hadi 20, mishipa inabanwa. Ukiwa mzima, yote haya huisha kabla hujapiga hatua ya tatu. Giza la sekunde chache, hasa kwa vijana warefu, ni pengo dogo kabla ya rekebisho kufika.

Likidumu au likikuangusha, chanzo huwa kimojawapo kati ya vitatu. Cha kwanza, maji au damu haitoshi: kuhara, kutapika, kutokwa damu, joto kali. Neva zinaamuru vizuri ila hakuna cha kusukuma. Cha pili, dawa: za presha, za kuongeza mkojo, za tezi dume zinazofunga alfa 1 (dozi ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, bora imezwe wakati wa kulala), na baadhi ya dawa za sonona. Cha tatu, neva zenyewe zimeharibika, kama kwenye kisukari cha miaka mingi au ugonjwa wa Parkinson.

Mapigo ndiyo yanayotenganisha cha kwanza na cha tatu. Presha ikishuka na mapigo yakapanda sana, tafuta upungufu wa maji. Presha ikishuka na mapigo yakabaki palepale, shuku neva. Gawanya ongezeko la mapigo kwa mshuko wa presha ya juu (namba kubwa kati ya mbili za kipimo cha presha): presha imeshuka 40, mapigo yameongezeka 8, jibu ni 0.2. Chini ya 0.5 kunaelekeza kwenye neva. Hesabu hii haifai kwa anayetumia dawa za kufunga beta au mwenye kifaa cha kuendesha mapigo.

Nipimeje kama presha inashuka nikisimama?

1. Lala chali dakika 5 bila kuongea. Mkono wenye kitambaa cha mashine uwe usawa wa moyo.
2. Pima presha na mapigo, andika.
3. Simama. Pima tena dakika ya 1 na dakika ya 3, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo.
4. Kama unajisikia kuzimia, lala mara moja. Usingoje dakika zitimie.

Presha ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, ndani ya dakika 3, kipimo ni chanya. Kwa mtu ambaye presha yake iko juu akiwa amelala, mshuko wa 30 ndio unaohesabiwa.

Makosa tunayoyaona zaidi ni mawili. Kuanza umekaa badala ya kulala, ambako nusu ya mshuko inakuwa imeshatokea kabla ya kipimo cha kwanza. Na kuacha mkono uning'inie: kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu milimita 8 za zebaki za uongo, na hizo zinatosha kuficha mshuko wa kweli. Pia usipime alasiri tu. Hali hii huwa mbaya zaidi asubuhi na baada ya mlo mkubwa, kwa sababu utumbo unajaza mishipa yake damu.

Nifanye nini ili isishuke?

Kabla ya kutoka kitandani, kunywa nusu lita ya maji kwa dakika chache. Kwa mtu ambaye neva zake zimeharibika, maji hayo peke yake hupandisha presha kwa kiasi cha kuonekana, kilele kikiwa karibu nusu saa baadaye. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, kanyagakanyaga, ndipo uinuke.

Inua upande wa kichwani wa kitanda kwa vipande vya mbao vya sentimita 15 hadi 20. Mito haitoshi, mwili wote unapaswa kuteremka. Sababu ni kwamba mgonjwa wa aina hii presha yake hupanda akilala, figo zinatoa chumvi na maji usiku kucha, na asubuhi anaamka amepungukiwa. Soksi za kubana zinazoishia magotini husaidia kidogo tu, kwa kuwa damu nyingi inakusanyika tumboni. Mkanda mpana wa tumbo una faida zaidi, nao uvuliwe wakati wa kulala. Kuongeza chumvi kunasaidia wengine, lakini mwenye ugonjwa wa moyo, figo au presha ya kupanda asifanye hivyo bila daktari wake. Dawa zipo, kama fludrocortisone na midodrine. Midodrine isimezwe katika saa 4 za mwisho kabla ya kulala.

Presha haishuki, ila nikisimama moyo unakimbia mno. Hilo nalo ni lipi?

Mapigo yakipanda 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama (40 au zaidi kwa wenye umri wa miaka 12 hadi 19) bila presha kushuka, na hali hiyo ikadumu miezi mitatu au zaidi pamoja na dalili kama kichwa chepesi na uchovu, daktari atafikiria ugonjwa unaofahamika kwa kifupi POTS. Huwapata zaidi wanawake vijana, mara nyingine baada ya maambukizi ya virusi. Kwanza lazima viondolewe upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, na upungufu wa maji. Wagonjwa wengi huambiwa ni wasiwasi tu. Namba ulizoandika mwenyewe, ukiwa umelala na umesimama, zitakutetea.

Kwa nini mtu huzimia akiona damu au akichomwa sindano?

Hapo mrekebishaji anageuza amri: simpathetiki ya mishipa inaachia ghafla na vegasi inabana moyo. Presha na mapigo vinashuka pamoja na ubongo unakosa damu. Kabla ya hapo huwa kuna ishara: kichefuchefu, jasho la baridi, uso kupauka, sauti kusikika kama zinatoka mbali, macho kuona kama kwenye shimo.

Ukiziona, lala chini na inua miguu. Huwezi kulala? Pishanisha miguu na ukaze mapaja na makalio kwa nguvu, au fumbata viganja na uvivute kama unataka kuvitenganisha. Aliyezimia asisimamishwe wala kukalishwa kitini; hilo ndilo kosa la watu wenye nia njema, na linarefusha muda ubongo unaokosa damu. Mlaze, mwinue miguu, na kwa kawaida atazinduka ndani ya dakika moja.

Kuzimia katikati ya mazoezi, ukiwa umelala, bila onyo lolote, au pamoja na maumivu ya kifua, si kwa kundi hili. Vivyo hivyo ikiwa kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Moyo unapaswa kuchunguzwa siku hiyohiyo.

Jasho linadhibitiwaje?

Haipothalamasi, iliyo chini ya ubongo, hulinganisha joto la damu na kiwango kinachotakiwa. Joto likizidi, inapanua mishipa ya ngozi na kuamsha tezi za jasho, ambazo ni kati ya milioni 2 na 4. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580 za joto. Jasho linalodondoka chini halipozi chochote, ndiyo maana hewa yenye unyevu mwingi ni hatari kuliko hewa kavu ya joto lilelile.

Wanaotokwa jasho jingi viganjani wakati mwingine hufanyiwa upasuaji wa kukata mnyororo wa simpathetiki kifuani. Viganja hukauka, lakini wengi huanza kutoka jasho jingi mgongoni au tumboni, na halirudi nyuma kirahisi. Tunashauri njia nyingine zote zijaribiwe kwanza.

Ni kweli tumbo lina ubongo wake?

Lina mtandao wa mamia ya mamilioni ya seli za neva katika tabaka mbili, moja kati ya matabaka ya misuli kwa ajili ya mwendo, nyingine karibu na utando wa ndani kwa ajili ya majimaji na mtiririko wa damu. Kipande cha utumbo kilichokatwa kutoka mwilini kinaweza kuendelea kusukuma chakula upande mmoja. Halifikiri, lakini linajitegemea. Vegasi huhimiza, simpathetiki hupunguza mwendo. Mtoto akizaliwa bila seli hizi mwishoni mwa utumbo mpana, kipande hicho hakilegei na choo hakipiti. Ugonjwa huo huitwa Hirschsprung, na kuchelewa kupata choo cha kwanza zaidi ya saa 48 ni sababu ya kumpeleka mtoto kwa daktari.

Kibofu hujuaje wakati wa kushika na wakati wa kuachia?

Kikijaa, simpathetiki hulegeza ukuta wake na kufunga shingo yake. Hamu ya kwanza huja karibu mililita 150 hadi 250, na kwenye 300 hadi 400 inakuwa dhahiri. Ukiamua kukojoa, parasimpathetiki hukaza ukuta na shingo hufunguka. Mlango wa nje pekee ndio uko chini ya hiari yako. Dawa zinazozuia asetilikolini, zikiwemo baadhi za mafua na mzio, huweza kumfungia mkojo kabisa mzee mwenye tezi dume kubwa.

Kisukari kinaingiaje katika habari hii?

Kwa ukubwa kuliko watu wanavyodhani. Sukari ya juu kwa miaka huharibu nyuzi za neva, na ndefu ndizo hutangulia. Kwa sababu vegasi ni ndefu sana, mojawapo ya dalili za mapema ni moyo kubaki kwenye 90 au 100 hata umepumzika. Baadaye presha hushuka ukisimama, tumbo linachelewa kumwaga chakula (mtu anashiba kwa vijiko vichache, na sukari inapanda na kushuka bila kufuata dozi ya insulini), kuhara huja usiku, nyayo zinakauka na kupasuka kwa kukosa jasho.

Mawili ni ya hatari zaidi. Shambulio la moyo linaweza kuja bila maumivu: ni pumzi fupi, kichefuchefu au uchovu wa ghafla tu. Na sukari ikishuka, onyo la kutetemeka na mapigo ya moyo halisikiki tena, kwa hiyo mtu anaingia moja kwa moja kwenye kuchanganyikiwa. Mgonjwa wa namna hii apime sukari kabla ya kuendesha gari, asitegemee hisia.

Sumu ya dawa za kuua wadudu inahusianaje na mfumo huu?

Dawa za jamii ya oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Asetilikolini inarundikana: mate na machozi yanafurika, mboni zinakuwa kama ncha ya sindano, mkojo na kinyesi vinatoka, kifua kinajaa makohozi, misuli inachezacheza kisha inalegea. Kinachoua ni kupumua. Mtoe kwenye sumu, mvue nguo zote ukiwa umevaa glovu, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mfikishe hospitali haraka. Usimtapishe. Hospitalini atapewa atropine, na dozi hurudiwa hadi kifua kikauke. Kupanuka kwa mboni sicho kipimo cha kutosha.

Mtu aliyeumia uti wa mgongo anaumwa kichwa ghafla na presha imepanda. Nifanye nini?

Hii ni dharura, na kila anayemhudumia mtu aliyeumia uti kuanzia sehemu ya 6 ya kifua kwenda juu anapaswa kuijua kwa moyo. Kibofu kilichojaa au choo kilichoganda hutuma ishara ambazo mgonjwa hazihisi, simpathetiki chini ya jeraha inabana mishipa, na amri ya ubongo ya kuituliza haiwezi kupita. Presha inapaa. Uso unakuwa mwekundu na wenye jasho, kichwa kinagonga, mapigo mara nyingi yanapungua.

Mkalishe wima, miguu ikining'inia. Legeza nguo, mkanda na viatu. Angalia mpira wa mkojo: umepinda, umeziba, mfuko umejaa? Nyoosha au badilisha. Kama hana mpira, kibofu kimwagwe. Kisha fikiria choo, na kidole chenye jeli ya ganzi kitumike, kwa kuwa kuchokonoa bila ganzi huongeza presha. Halafu ngozi: kidonda, kucha iliyoingia nyamani, mkunjo wa nguo. Pima presha kila dakika 2 hadi 5. Kumbuka kuwa kawaida ya watu hawa ni 90 hadi 110, kwa hiyo 140 kwao ni nyingi. Kwenye 150, kama chanzo hakijapatikana, dawa ya kushusha presha inahitajika na msaada wa hospitali usicheleweshwe.

Je, ninaweza kuudhibiti mwenyewe?

Kwa mlango mmoja: pumzi. Ni kazi pekee kubwa inayoendeshwa na hiari na isiyo hiari kwa pamoja. Vuta kwa sekunde 4, toa kwa sekunde 6, yaani pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika 5 hadi 10. Katika mwendo huo vihisio vya presha na mapigo huenda pamoja, na nguvu ya vegasi huonekana zaidi. Pumzi iwe ya polepole, siyo kubwa. Ukivuta kubwa mno utapunguza hewa ya ukaa kwenye damu, vidole vitafa ganzi na kizunguzungu kitakuja, ukidhani zoezi limekudhuru. Usikande shingo ili kupunguza mapigo. Kwa mtu mzima mwenye mafuta kwenye mishipa, hilo linaweza kuleta kiharusi.

Hospitalini watapima nini?

Mara nyingi presha ukiwa umelala na umesimama, kisha kipimo cha pumzi: unapumua mara 6 kwa dakika huku mapigo yakirekodiwa. Kwa kijana, tofauti kati ya pigo la juu na la chini huzidi 15 kwa dakika. Hupungua kwa umri. Utaweza pia kuombwa upulize kwenye bomba kwa shinikizo la milimita 40 za zebaki kwa sekunde 15. Mwenye tatizo la retina kutokana na kisukari aseme mapema, kwa kuwa kukaza huko kunaweza kutoa damu jichoni.

Siku hiyo usinywe kahawa wala kuvuta sigara kabla ya kipimo, na usile mlo mkubwa. Nenda na orodha ya dawa zako zote, pamoja na zile za mafua ulizonunua mwenyewe. Kuacha dawa yoyote kwa ajili ya kipimo kuamuliwe na daktari, hasa dawa za kufunga beta, kwa kuwa ukiziacha ghafla moyo huweza kukimbia na maumivu ya kifua kurudi.